Kufuga Paka au Mbwa Kwenye Nyumba Isiyo Yako Peke Yako

Mwenye nyumba aliyewahi kurudishiwa ufunguo wa chumba kinachonuka mkojo wa paka husema hapana hata hujamaliza kuuliza. Ana sababu. Harufu hiyo ikishaingia kwenye saruji haitoki kwa deki, na mpangaji anayefuata akifungua mlango tu anageuka. Kwa hiyo anayetaka kufuga kwenye nyumba ya kupanga, au nyumba ambayo ana sehemu tu ya umiliki, ana kazi mbili: kupata ruhusa iliyoandikwa, na kuhakikisha mnyama haachi alama. Ya kwanza unaimaliza mara moja. Ya pili ni ya kila siku.

Kwanza karatasi

Soma mkataba wote, usiishie kwenye kipengele cha wanyama. Katazo linaweza kukaa chini ya "kero kwa majirani", "usafi" au "maeneo ya pamoja", au kwenye kanuni za jengo ambazo mkataba unazitaja kwa mstari mmoja bila kuziambatisha. Zikitajwa, ziombe uzisome kabla ya kutia sahihi.

Mkataba ukisema "hakuna wanyama bila idhini ya maandishi", mlango uko nusu wazi: omba. Ukisema "wanyama hawaruhusiwi", bado unaweza kuomba, ila utahitaji nyongeza ya mkataba yenye sahihi za pande zote mbili. Ukiwa kimya kabisa, usiuhesabu ukimya kuwa ruhusa, kwa sababu kipengele cha kero kinatosha kukubana siku jirani akilalamika. Na dalali akikuambia "hamna shida, lete tu", mwombe aandike hivyo kwa niaba ya mwenye nyumba. Mara nyingi hapo ndipo shida inapojitokeza.

Nchi nyingi zina sheria ya pekee kwa mbwa wa kuwaongoza wasioona na wanyama wengine wa kuwasaidia wenye ulemavu. Kama mnyama wako ni wa aina hiyo, anza na sheria hiyo; usianze na maombi ya kawaida.

Ombi lenyewe lisizidi ukurasa mmoja. Mwenye nyumba anataka kujua vitu vichache tu: ni mnyama gani, umri wake, uzito wake, kama amehasiwa au kufungwa kizazi, chanjo zake zinaisha lini, anabaki peke yake saa ngapi kwa siku, nani atamtunza ukisafiri, na nani atalipa akiharibu kitu. Ambatisha picha, nakala ya kadi ya chanjo, namba ya chipu (kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama anayo, na barua fupi ya mwenye nyumba wa awali ikiwa ulishawahi kupanga na mnyama huyo. Barua hiyo ina uzito kuliko maneno yako yote. Kama huna, mwalike mwenye nyumba aje kumwona mnyama mahali unapoishi sasa. Chumba kisichonuka kinajieleza.

Usitaje amana ya ziada kabla hujajua sheria ya mahali ulipo inaruhusu kiasi gani, maana kwingine amana ina ukomo na kipengele kinachouvuka hakina nguvu. Unachoweza kuahidi bila wasiwasi ni usafi wa kina siku ya kuhama na ukaguzi wa miezi mitatu ya mwanzo. Wengi hulainika wakisikia neno "majaribio".

Akikubali, ruhusa iandikwe kwa mnyama mahususi. Mfano wa kipengele kinachotosha:

"Mpangaji anaruhusiwa kufuga paka mmoja jike, aliyefungwa kizazi, mwenye rangi ya kijivu na mistari, namba ya chipu kama ilivyo kwenye kiambatisho. Mpangaji atagharimia uharibifu wowote unaosababishwa na paka huyo, mbali na uchakavu wa kawaida. Ruhusa itadumu muda wote wa mkataba na wa mikataba itakayoufuata, na inaweza kuondolewa tu kwa kero iliyothibitishwa, baada ya onyo la maandishi na siku 30 za kurekebisha."

Angalia maneno "na wa mikataba itakayoufuata". Ruhusa nyingi hufa kimyakimya mkataba unapohuishwa, na mpangaji hajui mpaka siku ya mzozo. Na zile siku 30 ndizo zinazokupa nafasi ya kumfundisha mbwa badala ya kumtafutia kwao kwingine haraka haraka.

Kumwingiza mnyama kwa siri halafu kuomba radhi baadaye ni kosa ambalo adhabu yake humwangukia mnyama. Fundi wa mabomba atamwona, jirani atamsikia, na siku hiyo utakuwa unajadiliana ukiwa tayari umevunja mkataba.

Nyumba ya umiliki wa pamoja

Hapa mtego ni kudhani kwamba kwa kuwa umenunua, hakuna wa kumwuliza. Kuna namna mbili, na kila moja ina mlango wake wa kubisha.

Ya kwanza ni ile ya kununua sehemu ya nyumba, tuseme robo au nusu, na kulipa kodi kwa sehemu inayobaki mikononi mwa shirika la nyumba lililokuuzia. Hati yako hapo kwa kawaida ni ya ukodishaji wa muda mrefu, na masharti yake yanakubana kama mpangaji mwingine. Tena shirika lenyewe linaweza kuwa limekodi jengo kwa mwenye ardhi ambaye naye ana masharti. Idhini ya shirika haifuti katazo la aliye juu yake. Swali la kuuliza kwa maandishi ni hili: "Mbali na ninyi, nani mwingine anatakiwa kuidhinisha?" Na usitegemee kwamba ukinunua sehemu iliyobaki katazo litaondoka; kama limeandikwa kwenye hati ya jengo, litabaki nawe.

Ya pili ni fleti unayoimiliki mwenyewe ndani ya jengo lenye chama cha wamiliki. Kanuni za chama zinaweza kuweka kikomo cha idadi au uzito wa wanyama, kuwazuia kwenye lifti au bustani, na zinaweza kubadilishwa kwa kura. Omba kanuni zilizopo sasa pamoja na kumbukumbu za mikutano ya karibuni, uone kama kuna mjadala wa wanyama unaofukuta. Ukiwa na ruhusa ya zamani, itunze. Katazo jipya mara nyingi huwaacha wanyama waliokuwepo kabla yake, lakini wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha alikuwepo lini.

Mnaoshiriki nyumba moja, kila mwenye chumba aulizwe kabla, hasa kuhusu mzio. Kizio cha paka, yaani kile kinacholeta mzio, kinatokana zaidi na mate yake anapojilamba, kisha hupeperuka na vumbi na kunata ukutani na kwenye vitambaa. Hudumu miezi kadhaa hata paka akishaondoka, kwa hiyo "tujaribu tuone" si jaribio dogo kwa mtu mwenye pumu.

Mnyama yupi

Ukubwa unadanganya. Mbwa mkubwa mtulivu aliyevuka ujana anaweza kuishi kwenye fleti bila jirani kujua, wakati kambwa ka kilo nne kanakobweka kila lifti inapofunguka kanaleta barua ya onyo mwezi wa kwanza. Mtoto wa mbwa ndiye mgumu kuliko wote: hajui choo, anatafuna, na hawezi kuachwa peke yake siku nzima. Unayehamia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, tafuta mnyama mzima ambaye tabia yake tayari inajulikana. Sungura anaonekana hana neno, lakini meno yake hayaachi kukua, naye hutafuna nyaya na mbao za chini ya ukuta; achungwe kwa uzio wa ndani.

Samaki nao ni jambo la kuomba ruhusa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200, pamoja na kioo, changarawe na meza yake, linapita kilo 250 zilizosimama kwenye eneo dogo, na likivuja maji yanaishia kwenye dari ya jirani wa chini. Liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, wala si katikati ya chumba.

Kabla hajaingia

Piga picha za kila chumba kabla mnyama hajakanyaga. Mizozo ya amana huwa midogo na ya karibu, kwa hiyo piga miimo ya milango kutoka usawa wa goti kushuka chini, kona za zulia, kingo za makabati, nyavu za madirisha, na sakafu nyuma ya milango. Tuma picha hizo kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe ambayo hata yeye anaishuhudia.

Madirisha ya ghorofani yakaguliwe. Wavu wa mbu haumzuii paka. Akiuegemea kwa uzito wake wote unatoka na fremu yake. Weka wavu mgumu kwenye fremu ya mbao inayobanwa ndani ya nafasi ya dirisha kwa vibanio, bila kutoboa ukuta. Kwa dirisha linalofunguka kwa juu kwa kuinama, zuia ule upenyo wa pembeni wenye umbo la V: paka anayejaribu kutoka hapo huteleza akanasa kiunoni, na kadiri anavyojinasua ndivyo anavyozama.

Nyumba yenye paka isiwe na maua ya yungiyungi (lili). Hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo zake.

Choo cha paka

Kanuni ya madaktari wa mifugo ni choo kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Kwenye chumba kimoja kanuni hiyo ni ngumu, lakini usikubali kushuka chini ya choo kimoja kikubwa kwa kila paka. Urefu wake uwe mara moja na nusu ya urefu wa paka, kutoka pua hadi shina la mkia. Vyoo vingi vinavyouzwa ni vifupi mno. Sanduku la plastiki la kuhifadhia nguo, lenye kuta za sentimita 40 na mlango uliokatwa upande mmoja, kizingiti chake kikiwa sentimita 12 kutoka chini, linashinda na linamzuia paka anayekojoa amesimama.

Mchanga uwe na kina cha sentimita 5 hadi 7. Ukiwa kidogo, mkojo unafika kwenye plastiki na kunata. Zoa asubuhi na jioni. Kuzoa kila siku kuna faida nyingine: vijidudu vya toksoplasma vinavyoweza kutoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi kabla havijaweza kuambukiza. Mjamzito hata hivyo amwachie mwingine kazi hiyo. Badilisha mchanga wote na uoshe sanduku kwa maji ya moto na sabuni isiyo na manukato. Kwa mchanga unaogandamana, kila wiki mbili hutosha.

Tandika chini yake mkeka wa plastiki uliozidi sanduku kwa sentimita 30 kila upande. Mkeka huo ndio unaookoa amana yako.

Paka akikiacha choo chake, kuna sababu, na kinyongo si mojawapo. Kwa kawaida ni kichafu, kina manukato, kiko karibu na mashine inayonguruma au bakuli la chakula, au paka anaumwa. Dume anayeingia na kutoka, anajikamua na hakitoki kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Njia ya mkojo ikiziba, siku mbili zinatosha kumuua.

Mkojo sakafuni

Hapa ndipo pesa za amana zinapopotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Mkojo una sehemu zinazoyeyuka kwenye maji na sehemu isiyoyeyuka. Urea, chumvi na rangi hutoka kwa maji na sabuni, ukadhani umemaliza. Asidi ya mkojo hubaki kama fuwele ndogo ndani ya nyuzi za zulia au vitundu vya saruji. Fuwele zikiwa kavu hazinuki sana. Siku ya unyevu harufu inarudi kana kwamba paka amekojoa asubuhi ile. Kinachozivunja ni dawa ya vimeng'enya (enzaimu) iliyotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama.

Doa likiwa bichi:

1. Kandamiza kwa taulo kavu, simama juu yake, badilisha upande, rudia mpaka taulo linatoka kavu. Usisugue, kusugua kunaupeleka mkojo chini na pembeni.
2. Mimina maji baridi kidogo, kandamiza tena. Usitumie maji ya moto wala mashine ya mvuke: joto huimarisha doa na harufu kwenye nyuzi, na mahali pakiwa bado pa moto vimeng'enya utakavyoweka vitaharibika.
3. Jaribu dawa ya vimeng'enya kwenye kona isiyoonekana, kisha mimina, usinyunyize tu. Ifike kila mahali mkojo ulipofika. Doa lenye upana wa kiganja juu ya zulia linaweza kuwa na upana wa sahani kwenye sponji ya chini, kwa hiyo vuka ukingo kwa sentimita 5 kila upande.
4. Funika kwa plastiki kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ili dawa isikauke kabla ya kufanya kazi. Kosa la wengi ni kuifuta baada ya dakika tano.
5. Funua, acha ikauke yenyewe. Usiweke pasi wala feni ya moto. Unaweza kusikia harufu ikizidi siku ya kwanza. Subiri ikauke kabisa ndipo uamue kama unarudia.

Blichi iache kabatini. Mkojo unatoa amonia, na amonia ikikutana na blichi ya klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Sabuni zenye amonia nazo zinanuka kama mkojo kwa pua ya mnyama, kwa hiyo unampigia alama ya mahali pa kurudi. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inapunguza makali ya amonia, lakini haivunji fuwele, na inakula marumaru, terazo na saruji. Kwenye sakafu za namna hiyo usiithubutu.

Kwa madoa ya zamani usiyoyaona, ngoja giza, zima taa, piga tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Mkojo mkavu hung'aa kwa rangi ya manjano au kijani. Zungushia chaki kila unapopaona, kisha washa taa ufanye kazi. Angalia pia ukutani, kimo cha sentimita 20 hadi 30, ambapo dume asiyehasiwa hupuliza mkojo. Baadhi ya sabuni nazo hung'aa, kwa hiyo inama unuse kabla ya kumhukumu.

Ukiwa umezama kwenye saruji tupu, rudia dawa mara mbili au tatu, kila mara ukifunika usiku kucha na kuacha ikauke siku kadhaa. Ukishindwa, kinachobaki ni kuziba: sakafu kavu kabisa, kisha mikono miwili ya praima ya kuzuia madoa na harufu, ndipo rangi au sakafu mpya ije juu. Mwombe mwenye nyumba kabla ya kufika hapo. Ukipaka praima juu ya saruji yenye unyevu, itabanduka kama ganda la kitunguu na harufu itarudi.

Makucha na meno

Paka hakuni kochi kwa utundu. Anavua ganda la juu la kucha, ananyoosha mgongo na anaweka harufu yake. Hawezi kuacha, ila anaweza kuhamia kwenye nguzo iliyo bora kuliko kochi. Nguzo nyingi zinazouzwa ni fupi na zinatikisika. Paka akiivuta ikayumba mara moja, haigusi tena.

Ya kujitengenezea ni hivi. Chukua nguzo ya mbao yenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 90. Kitako kiwe plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogundishwa, sentimita 60 kwa 60. Peke yake kinafika karibu kilo 8. Piga skurubu nne za sentimita 10 kutoka chini, ukiwa umetoboa kwanza matundu membamba ili mbao isipasuke. Kisha zungusha kamba ya katani ya milimita 8 kwa kimo cha sentimita 70. Hapo inaingia mizunguko kama 88, na kila mzunguko unakula karibu sentimita 34, kwa hiyo nunua mita 32. Ibane kwa nyundo kila mizunguko mitano ili isiache nafasi, gundi ya mbao ikiwa mwanzoni na mwishoni tu. Kamba ikiwa imelegea, kucha hunasa na paka huogopa.

Iweke mbele kabisa ya kile anachokikuna sasa, hata kama inaziba njia. Akishaizoea kwa wiki mbili, isogeze kiganja kimoja kwa siku kuelekea unakotaka. Kucha za mbele zikatwe ncha kila wiki mbili au tatu, bila kugusa ile nyama ya waridi inayoonekana ndani. Kung'oa kucha ni kumkata kiungo cha mwisho cha kila kidole. Hiyo si njia ya kutunza kochi la mtu.

Mbwa anayekwaruza mlango awekewe bamba la plastiki angavu la milimita 2 au 3, lenye upana wa mlango na kimo cha sentimita 80. Usilibandike kwa gundi ya pande mbili juu ya rangi. Siku ya kubandua utatoka na rangi yote. Lining'inize kutoka kwenye kitasa na libanwe chini ya mlango.

Kelele

Malalamiko ya mbwa kubweka huja usipokuwepo, kwa hiyo anza kwa kujua kinachotokea. Acha simu ya zamani ikirekodi, toka, rudi usikilize. Angalia kwanza ameanza dakika ya ngapi. Mbwa anayebweka mtu anapopita kwenye korido kisha ananyamaza analinda mlango. Anayeanza kulia ndani ya nusu saa ya kwanza, anatembea huku na huko, anatokwa mate na kukwaruza mlango ana hofu ya kuachwa. Dawa zao hazifanani.

Kwa mlinzi, mhamishie kitanda chumba cha mbali na mlango, ziba kioo kwa karatasi ya ukungu inayoshikamana kwa maji bila gundi, na acha redio kwa sauti ya chini kufunika nyayo.

Kwa mwenye hofu, mazoezi ni ya sekunde. Kama rekodi inaonyesha ameanza kulia dakika ya pili, toka kwa sekunde 10, rudi bila shamrashamra. Kisha 20, kisha 5, kisha 40. Changanya, usipande tu, maana mbwa huhesabu. Fanya dakika 15 kwa siku, na usivuke kiwango anachokimudu. Kila akiogopa unarudi nyuma. Inachukua wiki, na kwa wengine miezi. Katika muda huo asiachwe peke yake zaidi ya anavyoweza, hata kama ni kumwomba jirani akae naye. Mkanda wa shingoni unaomchapa kwa umeme akibweka hauondoi hofu. Unampa sababu ya pili ya kuogopa.

Majirani wa chini huteswa na kucha na mipira kuliko mabweko. Zulia lenye sponji kwenye njia anayokimbilia na mipira ya kitambaa usiku vinatosha. Na wape majirani namba yako kabla ya tatizo. Mtu mwenye namba yako hukupigia wewe kwanza. Asiye nayo humpigia mwenye nyumba.

Viroboto

Viroboto unaowaona juu ya mnyama ni sehemu ndogo tu ya kundi. Wengine ni mayai, viluwiluwi na mabuu (viroboto wachanga waliojifunga kwenye kifuko) waliomo kwenye zulia, nyufa za mbao na kitanda chake. Ndani ya kifuko chake, buu hapatikani na dawa, na anaweza kungoja miezi mpaka ahisi joto na mtikisiko wa mtu. Ndiyo maana nyumba iliyokaa tupu hulipuka viroboto siku mpangaji mpya anapoingia, na lawama inakurudia wewe uliyehama zamani.

Wanyama wote wa nyumba wapewe dawa siku moja, kwa uzito wa kila mmoja, na waendelee angalau miezi mitatu. Fua matandiko kwa nyuzi joto 60. Fyonza vumbi kila siku kwa wiki mbili, ukiingia chini ya viti, na mfuko utupwe nje mara moja. Mtikisiko wa mashine unawatoa mabuu mafichoni wakutane na dawa. Dawa ya mbwa yenye permethrini (sumu ya kuua wadudu) usimwekee paka kamwe, wala usimruhusu alale na mbwa uliyemwekea kabla haijakauka. Inamtia degedege na inaweza kumuua.

Fundi akija, na siku ya kuhama

Siku ya ukaguzi au matengenezo, mfungie mnyama kwenye chumba kimoja na ubandike karatasi mlangoni: "Paka yumo, usifungue." Paka wengi hupotea kwa mlango ulioachwa wazi na fundi. Nguo zenye manyoya zikung'utwe kavu kabla ya kuingia kwenye mashine ya kufulia ya pamoja, kwa sababu manyoya yaliyolowa huziba chujio lake.

Wiki tatu kabla ya kuhama, zima taa upite na tochi ile ya urujuanimno. Wiki tatu kwa sababu dawa ya vimeng'enya inahitaji kukauka na pengine kurudiwa. Ukigundua doa usiku wa kuamkia siku ya funguo huna la kufanya. Mpe mnyama dawa ya viroboto ya mwezi huo hata kama huoni kiroboto hata mmoja. Mwite mtu asiyeishi hapo anuse, tena aingie moja kwa moja kutoka nje, maana pua yako ilishazoea. Mikwaruzo midogo kwenye miimo ijaze lipu ya mbao, lainisha kwa msasa namba 180 kisha 240, paka rangi ileile. Ukiwa huna uhakika wa rangi, afadhali ulipie fundi kuliko kuacha mabaka.

Kagua nyumba pamoja na mwenye nyumba, mkiwa na picha za siku ya kwanza mkononi. Zulia lililopauka na kukonda njiani ni uchakavu wa kawaida. Zulia lililotafunwa kona si hivyo. Mahali ambapo zulia lilikuwa tayari na miaka yake, uliza kama anachokudai ni thamani iliyobaki au bei ya zulia jipya, kwa sababu vitu hivyo viwili havilingani. Risiti za usafi na dawa ya viroboto zitunze mpaka amana irudi mkononi.

Halafu badilisha anwani kwenye rejista ya chipu siku hiyohiyo. Paka abaki ndani ya nyumba mpya wiki mbili hadi tatu kabla ya kutoka, akiwa na blanketi lake la zamani ambalo hujalifua.